Karai Nililiweka Taratibu

Specioza anasema nililitupa karai.

Anavyosimulia yeye, Jumatatu ile asubuhi nilifika kwenye geti la kiwanda nimenuna, nikamkuta msimamizi wetu Emanueli amesimama na daftari lake, nikamporomoshea maneno ambayo mtu mwenye mimba hatakiwi hata kuyasikia, halafu nikalibwaga karai la kampuni miguuni kwake mpaka mbwa wakabweka. Nikavua buti, moja nikairusha huku, nyingine kule. Nikaondoka peku nikisema, "Kazi yenu kaeni nayo." Ameshawasimulia wateja wake wa chai, amesimulia kisimani, na kila akisimulia buti zinaruka mbali zaidi.

Simchukii. Specioza ni mtu wa Bukoba, alikuja huku na mume aliyefuata dhahabu, mume akaenda mbele kufuata dhahabu nyingine, yeye akabaki. Amepanga chumba kwenye boma linalopakana na letu, na mchana anauza chai na maandazi chini ya turubai, mkabala na geti. Macho yake ni mazima. Lakini asubuhi ile alikuwa na karai lake mwenyewe la mafuta kwenye moto, na mtu anayekaanga maandazi anainua kichwa mara moja moja tu. Aliona nimelishika, akageuza maandazi, akaona liko chini. Katikati amejaza mwenyewe.

Ningemwacha aseme. Ila ofisi nayo inasema hivyo hivyo, kwamba mimi Boke niliacha kazi kwa hiari yangu. Na aliyeacha mwenyewe hana likizo ya uzazi, hana pa kurudi, hana la kudai. Ndiyo maana naandika. Nimesoma mpaka la saba tu, lakini nilichokiona nakikumbuka kwa mpangilio.

Kiwanda chetu ni cha kuchenjua dhahabu, kipo njia ya kutoka Nyamwaga. Tipa zinaleta marudio, yaani mchanga ambao wachimbaji wamekwisha kuuosha mara moja, dhahabu kidogo ikabaki ndani. Sisi wanawake kumi na wanne tunaubeba kwa makarai kutoka kwenye lundo, tunapanda ngazi ya mbao, tunaumwaga kwenye matanki. Mchanga ukiwa umelowa, karai moja linakushusha shingo. Hakuna anayejitwisha mwenyewe. Mnakwenda wawili wawili, mmoja anamtwisha mwenzake, naye anatwishwa na anayefuata nyuma. Mwenzangu ni Mboje, Msukuma wa Geita, mwanamke mpana mwenye maneno. Mimba ilipofika miezi mitatu nilimwambia yeye tu. Tangu siku hiyo karai langu likawa halijai.

Emanueli akaona. Kazi yake ni kuona.

"Mboje, karai la mwenzako mbona limekonda?"

"Limefunga, bosi. Ni Kwaresima."

"Kwaresima ilikwisha."

"Basi linalipa siku za mwaka jana."

Watu wakacheka, hata yeye akacheka, lakini akaandika kitu kwenye daftari.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani, maana bila hilo hakuna atakayeelewa. Mimi nimeolewa na mwanamke. Kwetu Wakurya lipo hilo, linaitwa nyumba ntobhu. Mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba ile. Baba yao mzazi hatajwi, wala hadai. Aliyenioa ni Mogesi, mjane, mabinti zake wawili wameolewa mbali. Namwita Mama. Nilikuja kwake nikiwa na miaka kumi na minane, na sijawahi kulala njaa wala kupigwa kwake. Wasichana wenzangu walioolewa na wanaume, si wote wanaoweza kusema hivyo.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Wakati huo sikuwa na ajira, nilikuwa napasua mawe kwa watu. Siku hiyo nilianguka na kiroba cha mawe kwenye njia ya ng'ombe, na Mama ndiye aliyenikuta. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, mwanamke wa miaka sitini. Mtoto alikuwa wa kiume. Mama alimwona, mimi sikumwona. Tangu siku ile hakulitaja jambo hilo mbele yangu, na mimi sikulitaja, tukaishi nalo kama tunavyoishi na lile jiwe kubwa la uani ambalo kila mtu analizunguka.

Baadaye nikapata kazi kiwandani, yenye mkataba. Jina langu lipo juu ya karatasi ile, na chini nimeandika mwenyewe, Boke, kwa herufi za kuunganisha. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu walikwenda kwa baba. Watoto nitakaozaa ni wa nyumba ya Mama, shamba ni la nyumba ya Mama. Kazi ndiyo iliyokuwa yangu.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokaribia miezi mitano, nilifanya kama nesi wa kliniki alivyonielekeza. Alisema, usingoje tumbo liwe kubwa ndipo useme. Mwandikie mwajiri mapema, miezi mitatu au zaidi kabla ya kujifungua, ambatanisha karatasi yangu, naye atakupa siku themanini na nne zenye mshahara, kisha unarudi kwenye kazi yako. Na tangu sasa usibebe mizigo, wakutafutie kazi nyingine. Hiyo ni haki yako, si fadhila.

Niliandika barua mwenyewe, nikairudia mara tatu kwa sababu ya kufuta futa. Nikaipeleka ofisini kwa dada Lilian, afisa utumishi. Lilian ni mtu wa Moshi, ana miaka michache kunizidi, anavaa miwani akisoma na anaivua akisema. Aliisoma yote. Akavua miwani.

"Umeandika vizuri. Nani amekusaidia?"

"Hakuna."

"Mwandiko wako unasomeka kuliko wa Emanueli. Anayeandika tipa getini anahamia Sirari mwisho wa wiki ijayo. Utakaa pale, Jumatatu. Benchi, daftari, kivuli. Mshahara ni ule ule. Likizo yako naingiza kwenye faili."

Nilipotoka nilinunua kalamu mbili kwa Mangi wa dukani, moja ya akiba.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Mama siku hiyo hiyo, kwa furaha. Alikuwa ananusa ugoro mlangoni. Aliacha.

"Umeiandika?"

"Nimeandika, Mama. Wiki ijayo ikiisha sitabeba tena."

"Nakuuliza, mimba. Umeiandika kwenye karatasi, ukawapa watu waisome?"

"Sheria inataka hivyo."

"Nyumbani kwangu mimba haisemwi mpaka ionekane. Ile ya kwanza uliwaambia wapasua mawe wote." Akafunga kichupa cha ugoro. "Kaa nyumbani. Nani amekutuma kazi? Mimi nimekutuma?"

"Siku chache tu, Mama. Halafu nakaa kwenye benchi."

"Benchi lao," akasema, akaingia ndani.

Nilidhani yamekwisha. Mimi ni mtu wa kunyamaza na kutazama, wengine wanasema nina subira. Siku hizi najiuliza kama subira ile haikunidanganya, maana mambo niliyaona yote. Sikuyasema tu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilirudi jioni nikakuta viatu vya Mama vya safari vimeanikwa nje. Ni viatu vyeusi vya kufunga kwa kishikizo, anavivaa kanisani na kwenye msiba. Hakukuwa na msiba. Kwenye soli kulikuwa na vumbi la kijivu. Udongo wa kwetu ni mwekundu, kila kitu chetu kina wekundu, hadi kuku. Vumbi la kijivu ni la marudio. Mimi nalijua, nalikung'uta kwenye nywele kila siku.

Tulipokaa kula nikaona kidole chake. Kidole gumba cha Mama kina rangi ya kahawia ya ugoro, hakitoki hata kwa sabuni. Siku hiyo kilikuwa na zambarau, kama mtu aliyetoka kupiga kura.

"Mama, kidole kimefanya nini?"

"Wameandikisha ng'ombe kwa mwenyekiti."

Akakata tonge, akalichovya, akala. Hakunitazama. Mwenyekiti wa kitongoji chetu nilikuwa nimepishana naye asubuhi akipanda basi la Tarime, na begi. Nikaona, nikanyamaza. Nikamwongezea mboga.

Ijumaa na Jumamosi nilibeba karai kama kawaida, Mboje akinipunguzia. Jumatatu nikaenda kazini na kalamu zangu nimezichomeka kwenye kilemba.

Emanueli alikuwa getini. Ni Mkurya mwenzetu, wa ukoo wa marehemu mume wa Mama, kwa hiyo nyumbani namwita shemeji na kazini namwita bosi.

"Boke, za nyumbani?"

"Nzuri. Nimekuja kuanza hapa."

"Hapa kuna mtu." Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye benchi alikuwa amekaa msichana nisiyemjua, daftari mapajani. "Wewe jina lako limeondolewa. Nyumbani kwenu wameshamaliza. Naomba buti na karai."

"Nani amemaliza?"

"Mwenye nyumba yako. Nikuambie nini tena mimi? Aliyekuoa amesema."

Nilikwenda kulichukua karai kwenye banda. Nilirudi nalo, nikaliweka chini taratibu, kwa sababu siku hizi siwezi kuinama haraka. Halikulia. Buti nilikaa chini kuzivua, Mboje akaja akanivuta moja iliyokuwa imekaza. Alisema kwa sauti ya chini, "Nenda ofisini, usiende nyumbani. Nenda kwa yule wa miwani kwanza." Hakukuwa na matusi. Sikusema neno hata moja, na hilo ndilo Specioza hawezi kulielewa, kwamba mtu anaweza kuondolewa akiwa kimya.

Lilian hakuniuliza shida yangu. Alitoa faili.

"Nilishangaa. Wiki moja unaandika barua nzuri, wiki ya pili mumeo anakuja kukutoa."

"Mume yupi?"

"Si huyu? Mogesi." Akavaa miwani. "'Mimi Mogesi, niliyemuoa Boke, kwa niaba yake na kwa ridhaa yake, naarifu kwamba ameacha kazi.' Nilipewa na Emanueli. Alisema mzee alikuja Alhamisi, mimi nikiwa benki mjini."

"Mogesi ni mwanamke."

Aliitazama karatasi, akanitazama, akairudia. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, na simlaumu kwa uso alioufanya, kwao hakuna.

Barua yenyewe ilikuwa na mwandiko wa Emanueli. Nimesaini chini ya mwandiko ule asubuhi ngapi, ningeujua hata gizani. Chini kulikuwa na dole la zambarau. Mistari yake ilikatwa katikati na kovu la kisu cha muhogo, na kovu lile nalijua, nilikuwepo alipojikata, mimi ndiye niliyelifunga.

Lilian akamwita Emanueli. Akaja akasimama mlangoni.

"Mimi nimeandika tu, madamu. Mama amekuja kwa miguu yake. Kwetu aliyetoa ng'ombe akisema, imesemwa. Ningemfukuza mama mzima?"

"Na ulimweleza kwamba anampotezea likizo?"

"Yeye hakuuliza likizo. Ameuliza mtoto." Halafu akanigeukia, kwa sauti ya nyumbani. "Shemeji, hasira za nini? Si ndicho ulichotaka, kupumzika?"

Alipoondoka, Lilian alikaa akigongagonga kalamu. Akasema hata kama Mogesi angekuwa mwanaume, hakuna anayeacha kazi kwa niaba ya mtu mwingine. Barua ya kuacha anaandika mwenye kazi, basi. "Lakini hapa imeandikwa kwa ridhaa yako. Mkurugenzi ameshaiona, na nikisema ni ya uongo, Emanueli atasema mama alikuja mwenyewe na wewe ulijua. Mlete. Aseme mbele yangu kwamba hukumtuma na hukujua. Nikiipata hiyo kauli naichomoa hii karatasi, na benchi ni lako."

"Mpaka lini?"

"Ijumaa saa sita napeleka orodha ya wafanyakazi. Baada ya hapo bado unaweza kudai, ofisi zipo, nitakuelekeza. Ila itakuwa Bomani, pengine Musoma, leo njoo kesho rudi, na tumbo lako linakua. Mlete tu, Boke. Ni maneno mawili."

Nilirudi nyumbani siku hiyo na sikumwuliza Mama kitu. Aliniona nimekuja saa nne asubuhi, peku, akanipa uji. Hakuuliza kwa nini. Uji ulikuwa umepikwa kwa watu wawili.

Jumanne nilinyamaza. Jumatano nilinyamaza. Nilikuwa namngojea aanze yeye. Specioza akapita kukopa chumvi, akaanza, "Mdogo wangu, lile karai siku ile," na Mama akamkatisha, akamwambia nimechoka, aniache nipumzike, mimba haitaki maneno. Alisema "mimba" mbele ya mtu wa nje. Basi ilikuwa imeshaonekana, au hakukuwa tena na mtu wa kufichwa.

Leo Alhamisi mchana nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikakaa kwenye kigoda upande wa pili wa ungo, nikachukua hindi nami.

"Mama, Emanueli alikuambia ile karatasi ni ya nini?"

Akatikisa ungo, punje zikajikusanya katikati.

"Ya kukupumzisha."

"Ya kunipumzisha niliandika mimi. Nilikuambia."

"Ya kwako ilikuwa ya kupumzika halafu urudi," akasema. "Mimi nilitaka ya kupumzika."

Kwa hiyo alijua. Siku tatu zote nilikuwa nimejiandalia mahali pa kumweka asiwe na kosa, kwamba hajui kusoma, kwamba Emanueli amemzunguka. Akapaondoa mwenyewe, bila hata kuinua kichwa.

"Uliniambia ni ng'ombe."

"Ningekuambia nini? Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi." Akatupa gunzi pembeni. "Wewe hukumwona yule mtoto. Mimi nilimwosha. Alikuwa na kucha. Benchi, benchi, leo wanakukalisha kwenye benchi, kesho mtu hajaja wanakuambia shika karai kidogo tu, na wewe huwezi kusema hapana, nakujua. Ulishasema hapana kwa nani? Unakaa unatazama watu kwa hayo macho."

Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Nikamwambia, "Nimesema hapana kwenye karatasi, Mama. Mara ya kwanza maishani. Ndiyo uliyoifuta."

Nikamweleza yote kwa utulivu, kama anavyoelezwa mtu mzima. Kwamba sitabeba, imeandikwa. Kwamba nitajifungulia hapa, mikononi mwake akitaka, na siku themanini na nne nitakuwa ndani na mtoto na mshahara unaingia. Kwamba mtoto ni wa nyumba yake, hilo silibishi, sijawahi kulibisha. Lakini jina langu kwenye lile daftari halikutolewa ng'ombe. Nilimwambia Emanueli ameshamkalisha msichana mwingine pale. Nilimwambia anachotakiwa kusema ni maneno mawili, kwamba sikumtuma na sikujua, na sitadai aombe msamaha, wala sitalitaja tena, tutalizunguka kama tunavyozunguka mengine.

Mikono yake iliendelea. Zambarau imeshafifia, imebaki kwenye ukingo wa ukucha tu.

Nikaingia ndani. Viatu vyake vya safari vilikuwa chini ya kitanda. Nikavitoa, nikavifuta juu kwa kitambaa cha maji mpaka vikang'aa. Soli sikuzigusa. Nikaviweka mbele yake, karibu na ungo, vimeelekea njia.

"Mama," nikasema, "kesho asubuhi twende wote. Useme sikukutuma. Utakwenda?"

Akachukua hindi lingine.